Kuoanisha joto la ng'ombe wa maziwa Nachingwea: tathmini ya huduma kwa sisi tunaofuga malishoni

Kikundi chetu cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wilayani Nachingwea kilinunua mwaka huu huduma ambayo katika mikoa ya Lindi na Mtwara bado ni ngeni kwa wengi: ng'ombe wa wafugaji mbalimbali huingizwa katika ratiba moja ya homoni, ili wote wapate joto, yaani wawe tayari kupandwa, kwa wakati mmoja na kupandishwa kwa njia ya uhimilishaji, yaani kwa kuwekewa mbegu za dume kwa mkono wa mtaalamu, katika asubuhi moja. Huduma hiyo hutolewa na daktari wa mifugo anayejitegemea, akisaidiwa na mhimilishaji wake, na huuzwa kwa vikundi tu. Mimba zimekwisha kupimwa, matokeo tunayajua, na wafugaji wa Ruangwa, Masasi na Mtama wamekuwa wakituuliza kama fedha yetu ilikwenda mahali pazuri. Jibu langu ni ndiyo, na ningeinunua tena; lakini anayedhani kwamba ananunua sindano atakosea hesabu, kwa sababu kilichotufaa zaidi ni uchunguzi uliotangulia sindano, na kilichotuumiza ni ufuatiliaji uliokosekana baada yake.

Ieleweke kwanza kwa nini jambo hili lina uzito kwetu kuliko kwa mfugaji wa Arusha au Njombe mwenye ng'ombe wawili bandani. Ng'ombe wetu wengi ni chotara wa Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, na zebu, ng'ombe wenye nundu. Hukamuliwa alfajiri, hutoka na mchungaji kwenda mabondeni au chini ya mikorosho iliyopaliliwa, na hurudi jioni kupewa pumba za mahindi na mashudu ya ufuta, kiasi kwamba mwenye ng'ombe humwona mnyama wake kwa saa chache tu za siku. Mzunguko wa joto ni siku 21 kwa wastani, kati ya 18 na 24, na joto lenyewe hudumu saa 12 hadi 18, tena hupungua zaidi kwa ng'ombe mwenye damu nyingi ya zebu, ambaye mara nyingi huonyesha dalili usiku. Jua la kwetu nalo huzififisha dalili hizo, kwa kuwa ng'ombe aliyeelemewa na hewa ya moto hujibanza kivulini badala ya kupandana na wenzake. Yai hutoka takriban saa 24 hadi 32 baada ya joto kuanza. Kwa hiyo mchungaji akitoa taarifa jioni, mwenye ng'ombe akapiga simu usiku, na mhimilishaji akafika kesho yake alasiri kwa pikipiki katika barabara ya matope, mara nyingi wakati huwa umekwisha kupita, na malipo ya kuchelewa huko ni kungoja wiki nyingine tatu.

Upo pia upande wa mhimilishaji, ambao wafugaji huusahau. Mbegu huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na kimiminika hicho hupungua kila siku hata mtungi usipofunguliwa. Katika eneo ambalo ng'ombe wa maziwa ni wachache na wametawanyika, kama ilivyo huku kusini ambako kwa miaka mingi mbung'o waliwazuia watu wengi kufuga, mtu hawezi kuufanya mtungi wake ulipe kwa kumhudumia ng'ombe mmoja Jumanne na mwingine Ijumaa ya wiki inayofuata. Ng'ombe wakioanishwa, safari moja inatosha, na mtaalamu ana sababu ya kuja.

Sehemu ya huduma ninayoisifu bila kusita ni uchunguzi. Daktari alifika siku kadhaa kabla ya ratiba kuanza, akampima kila ng'ombe kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa, akiugusa mji wa mimba na ovari zote mbili, akakadiria hali ya mwili kwa kipimo cha 1 hadi 5, na kila alichokiona akakiandika kwenye karatasi iliyobaki mikononi mwa mfugaji. Kisha akawakataa karibu theluthi moja ya ng'ombe tuliowaleta. Wengine walikuwa na mimba ambazo wenyewe hawakuzijua, kwa kuwa malishoni huchanganyika na madume ya jirani. Hao wangechomwa prostaglandini, homoni ya kuleta joto iliyomo katika ratiba, wangezitoa. Wengine walikuwa wamezaa karibuni mno na mji wa mimba ulikuwa haujarudi katika hali yake, na mmoja wao alikuwa bado anatoa usaha uliotokana na kondo la nyuma lililochelewa kutoka. Mitamba kadhaa waliachwa kwa sababu walikuwa hawajafikia takriban asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yao. Kundi kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa la waliokonda, wenye alama chini ya 2.5.

Mwanachama wetu mmoja, mama mtu mzima ambaye ng'ombe wake ndiye tegemeo la nyumba, alisononeka waziwazi aliposikia kwamba wake amekataliwa, ilhali alikuwa amekwisha kutoa malipo ya awali. "Mama yangu, huyu nikimchoma leo nitakuwa nimekuuzia maji," daktari alimwambia. "Mwongezee mashudu, mwekee jiwe la chumvi, akirudisha mwili niite nimtazame tena." Fedha yake ilirudishwa siku hiyo hiyo. Katika kazi ambayo kila sindano ni mapato, niliona kwamba mtu anayekataa kuchoma anastahili kuaminiwa, na tangu hapo nilimsikiliza kwa makini zaidi.

Sababu ya ukali huo imo katika namna dawa zinavyofanya kazi, na kila mfugaji anapaswa kuielewa kabla ya kulipa. Baada ya yai kutoka, kwenye ovari hubaki uvimbe mdogo wa rangi ya manjano unaotengeneza projesteroni, homoni inayoitunza mimba na kuzuia joto jipya. Prostaglandini, kwa mfano kloprostenoli, huuvunja uvimbe huo, na ng'ombe hupata joto kati ya siku ya 2 na ya 5 baada ya sindano. Lakini huuvunja tu ukiwa umekomaa, takriban kuanzia siku ya 6 hadi ya 17 ya mzunguko. Ndiyo maana wanaotumia prostaglandini peke yake huchoma mara mbili, wakiziachanisha sindano kwa siku 11 hadi 14. Ng'ombe aliyekonda ambaye ovari zake zimelala hana uvimbe wowote wa kuvunjwa, na kwake sindano hiyo haina kazi hata ikirudiwa.

Ratiba tuliyouziwa inatokana na utaratibu uitwao Ovsynch, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 1995, ukiongezewa kifaa cha projesteroni kinachowekwa ukeni. Jumatatu saa kumi jioni ng'ombe alichomwa gonadorelini, homoni inayochochea yai kutoka, na kuwekewa kifaa. Jumatatu iliyofuata, saa ile ile, kifaa kilitolewa na prostaglandini ikachomwa. Jumatano saa kumi jioni ilichomwa gonadorelini ya pili, ambayo hulifanya yai litoke kwa wakati unaojulikana, na Alhamisi kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, yaani saa 16 hadi 20 baada ya sindano hiyo, ng'ombe wote walihimilishwa, aliyeonyesha joto na ambaye hakuonyesha. Hapo ndipo mfugaji wa malishoni anapopata nafuu yake, kwa sababu hakuna anayelazimika kukesha akitazama nani amempanda nani. Kifaa nacho humsaidia ng'ombe ambaye ovari zake zimechelewa kuanza kazi baada ya kuzaa, kwa kumpa kwa siku 7 homoni ambayo mwili wake haujaanza kuitengeneza, ilimradi mwili huo una akiba ya kutosha kuitikia.

Kazi ya mikono ilifanywa kwa ustadi. Saa zilishikwa, jambo ambalo ndilo roho ya ratiba ya namna hii, na kila mfugaji alipewa karatasi ya Kiswahili yenye siku, saa na dawa. Watoa huduma walikataa ng'ombe wasiswagwe mwendo mrefu juani hadi kituo kimoja. Walikuja wenyewe kwenye vituo vichache tulivyochagua, kila kimoja chenye kibanio cha mbao na kivuli cha mwembe. Mhimilishaji aliyeyusha mbegu katika maji ya nyuzi 35 hadi 37 akitumia kipimajoto na saa ya mkononi, bila kukisia kwa kidole, akaukausha mrija wa mbegu kabla ya kuukata, na akaupitisha katika shingo ya kizazi bila papara. Alituagiza ng'ombe wabaki kivulini na maji yawe karibu kwa siku zilizofuata, kwa sababu mimba ya siku za mwanzo ni dhaifu mno mbele ya jua kali, na kwa hali ya hewa ya Machi agizo hilo halikuwa la kupuuzwa.

Yalikuwepo mapungufu mawili katika hatua hii, na la pili ni zito. Kifaa cha ukeni kina uzi unaoning'inia nje ili kiweze kuvutwa siku ya 7. Bandani uzi huo hausumbui sana, lakini malishoni ndama huutafuna, ng'ombe wenzake huuchezea, na vichaka vya miiba huunasa. Ng'ombe wa mwenzetu mmoja alikipoteza chake porini, na hakuna aliyejua hadi Jumatatu ya kukitoa. Uzi ungekatwa ubaki mfupi, na wafugaji wangeagizwa kuutazama kila alfajiri wakati wa kukamua, upotevu huo ungejulikana mapema.

Pungufu la pili linahusu afya za watu. Prostaglandini hupenya kwenye ngozi. Inaweza kumsababishia mwanamke mjamzito kuharibikiwa mimba, na inaweza kumletea mwenye pumu shida ya kupumua. Katika nyumba nyingi za kikundi chetu wanaomshika ng'ombe, wanaomwosha kiwele na kukusanya vifaa baada ya kazi ni akina mama na mabinti. Glavu zilikuwepo kwa daktari na msaidizi wake, lakini onyo lilitolewa baada ya mwanachama mmoja kuuliza, si kabla. Huduma inayojali kipimajoto cha mbegu namna ile haina udhuru wa kuwasahau watu waliosimama hatua moja kutoka kwenye sindano. Onyo hilo lapaswa kuwa sentensi ya kwanza kwenye karatasi ya ratiba, na vifaa vilivyotumika vyapaswa kukusanywa na watoa huduma wenyewe, pasibaki kitu zizini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha huduma hii, nalo ni mwezi. Nchi zinazojulikana kwa maziwa ya malishoni, kama New Zealand na Ireland, hupanga kundi zima lizae ndani ya wiki chache, ili ng'ombe anapohitaji chakula kingi zaidi nyasi nazo ziwe zinakua kwa kasi zaidi. Sehemu kubwa ya ng'ombe wa New Zealand huzaa kuanzia Julai na Agosti na upandishaji huanza Oktoba; Ireland huzalisha kuanzia Februari. Sisi hatuna majira ya baridi ya kutupangia kalenda, lakini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei mwanzoni. Baada ya hapo nyasi hukauka, nyingi huchomwa moto, na ifikapo Septemba ng'ombe asiye na majani ya akiba anatafuna mabua. Kalenda yetu si legevu kuliko yao.

Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 280. Anayepandishwa tarehe 5 Machi atazaa karibu na tarehe 10 Desemba, mvua zikianza. Kwa kuwa kilele cha maziwa hufikiwa wiki 6 hadi 8 baada ya kuzaa, kilele chake kitaangukia mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, nyasi zikiwa changa na zenye protini, na atakaushwa, yaani ataachwa kukamuliwa, Oktoba, malisho yakiwa yamekwisha na mahitaji yake yakiwa madogo kuliko ya ng'ombe anayekamuliwa. Tena Machi yenyewe ndiyo ng'ombe wetu wana mwili mzuri, kwa hiyo hata idadi ya watakaopita katika uchunguzi inaongezeka. Anayepandishwa tarehe 10 Julai atazaa katikati ya Aprili, atafika kileleni Juni nyasi zikikauka, atautumia mwili wake mwenyewe kutengeneza maziwa, na wakati wa kupandishwa tena utakapofika atakuwa miongoni mwa wale ambao daktari huwakataa.

Nasema haya kwa sababu watoa huduma walitupendekezea Julai. Hoja yao ilikuwa kwamba barabara ni kavu na wao wana nafasi, na hoja hiyo ina ukweli, kwani Machi pikipiki yenye mtungi wa naitrojeni hukwama. Tulishikilia Machi, nao wakakubali kwa gharama ya usafiri iliyoongezeka kidogo, ambayo naiona ni halali. Lakini mjadala huo ulipaswa kuanzishwa na wao. Mtaalamu anayeuza uwezo wa kuchagua wakati anawajibika kumuuliza mfugaji anataka maziwa mwezi gani na atamlisha nini ng'ombe mwezi huo, kabla ya kumfungulia kalenda yake mwenyewe.

Hata hivyo, haifai kuiga New Zealand kwa kufumba macho. Kule maziwa mengi huenda kiwandani kukaushwa kuwa unga na kusafirishwa nje, na kiwanda kinaweza kupunguza kazi ng'ombe wanapokaushwa. Mteja wetu wa Nachingwea mjini anakunywa chai ya maziwa kila siku ya mwaka, na bei hupanda pale maziwa yanapoadimika, mwishoni mwa kiangazi, ambapo mauzo ya korosho nayo huanza na fedha kuonekana mikononi mwa watu. Kundi zima likizaa Desemba, masika tutabembeleza wanunuzi, na Oktoba wanunuzi watatubembeleza sisi bila kupata kitu. Ndiyo maana tulikubaliana kwamba sehemu kubwa ipandishwe Machi, na wachache tu, wa wale wenye majani ya tembo bondeni au wanaotengeneza hei na sileji, yaani majani yaliyokaushwa na yaliyovundikwa kwa akiba, wapandishwe katikati ya mwaka ili wao wabebe kiangazi. Kwa kundi hilo dogo watoa huduma walidai bei ile ile kwa kila ng'ombe pamoja na usafiri wote, na wenzetu kadhaa wakajitoa. Naamini vikundi viwili vya jirani vikiungana, tatizo hilo litakwisha.

Kuna hesabu nyingine inayofaa kutazamwa kwa uwazi. Ng'ombe aliyezaa Desemba, ili azae tena Desemba inayofuata, lazima ashike mimba ndani ya siku 85 hivi. Kwa chotara anayechunga na kunyonyesha ndama, huo ni muda mfupi, na asiposaidiwa atasogea mwezi mmoja au miwili kila mwaka hadi ajikute anazaa kiangazi. Kuoanisha joto, kwa hiyo, hakufanyi kazi yake kukiwa tukio la mara moja. Kunahitaji kurudiwa kila Machi kwa wale wanaochelewa, na bei yake ihesabiwe hivyo.

Katika uhimilishaji huo wa kwanza, chini kidogo ya nusu ya ng'ombe walishika mimba. Baadhi ya wanachama waliona kwamba tumeibiwa, nami siungani nao. Uhimilishaji wa saa iliyopangwa kwa ng'ombe wa maziwa kwa kawaida huwapa mimba kati ya theluthi moja na nusu ya waliohudumiwa, na daktari alitueleza hivyo kabla ya kupokea fedha. Atakayekuja kuwaahidi kwamba wote watashika, msimpe hata malipo ya awali.

Kinachofuata ndicho kilichonihuzunisha. Ng'ombe ambao hawakushika mimba hurudi kwenye joto karibu pamoja, kati ya siku ya 18 na ya 24 baada ya kuhimilishwa, na hilo ni tunda la pili la ratiba ile ile, lisilohitaji dawa nyingine. Mhimilishaji angekuwepo siku hizo na mtungi wake, sehemu nzuri ya waliobaki wangeshika mimba, nao wangezaa wiki tatu tu nyuma ya wenzao. Badala yake mhimilishaji alikuwa amekwisha kupangiwa kazi katika wilaya nyingine. Wafugaji waliona joto, wakapiga simu, wakaambiwa wasubiri. Baadhi yao, kwa kukata tamaa, waliwaachia madume ya kijijini, wakirudi kwenye hatari ya brusela, ugonjwa unaotoa mimba, na magonjwa mengine ya uzazi ambayo uhimilishaji ulikuja kuwaepusha nayo, na ndama watakaopatikana hawatakuwa na damu waliyoilipia.

Kwa siku hizo tulihitaji pia msaada mdogo wa kuona joto malishoni, na upo wa bei nafuu ambao wafugaji wa New Zealand na Australia huutumia sana: ukanda wa rangi wa urefu wa sentimita 20 hivi hupakwa juu ya mgongo karibu na shina la mkia, na ng'ombe anaposimama akapandwa na wenzake, rangi hufutika kwa msuguano. Mchungaji asipoliona tendo lenyewe, mwenye ng'ombe ataiona rangi iliyofutika wakati wa kukamua alfajiri, hata kama joto lilikuja usiku. Kopo moja la rangi lingetosha kikundi kizima. Halikuwemo katika huduma, na sioni sababu.

Upimaji wa mimba ulifanywa kwa mkono baada ya miezi miwili hivi, kwa uangalifu, na majibu yake hayana shaka.

Kuhusu mbegu, tulipewa chaguo la madume mbalimbali lakini wote walikuwa Friesian wenye umbo kubwa. Kwa ng'ombe wa bandani anayeletewa kila kitu mdomoni hilo laweza kufaa. Ng'ombe wetu anatembea, anapanda kilima, anavumilia kupe na jua, na kiangazi anaishi kwa kidogo. Mwili mkubwa hula sehemu kubwa ya chakula kwa ajili ya kujitunza wenyewe kabla ya tone la maziwa kutengenezwa. Ningependa tuletewe Jersey, ambaye ni mdogo, maziwa yake yana mafuta mengi, na ndama wake mdogo huwafaa mitamba wanaozaa kwa mara ya kwanza, au Ayrshire, na kwa walio mbali na dawa za kupe, hata ng'ombe wetu wa Mpwapwa, aliyetengenezwa hapa hapa nchini kwa kuchanganya damu za zebu wa Afrika na Asia pamoja na za Ulaya. Wenye ng'ombe ambao tayari wana damu nyingi ya Friesian ndio wanaohitaji chaguo hilo kuliko wote.

Ndama watakuja Desemba, na tayari naona faida ambayo sikuifikiria nilipolipia huduma. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, nayo husafirishwa ndani ya naitrojeni, hufungashwa dozi nyingi pamoja, na ikishayeyushwa ni lazima itumike ndani ya saa chache. Mfugaji mwenye ndama mmoja hawezi kumwita mchanjaji, lakini kikundi chenye ndama wa rika moja kinaweza, na vivyo hivyo kwa kukata pembe na kuwachanja majike dhidi ya brusela wakiwa na miezi 3 hadi 8. Upande wa pili, ndama wa Desemba huzaliwa kupe wakianza kuwa wengi na zizi likiwa tope tupu, na wengi watakohoa wasipowekewa mahali pakavu palipoinuliwa. Aliyechagua Machi amechagua na kazi hiyo.

Gharama kwa ng'ombe mmoja, ikijumuisha uchunguzi, dawa, kifaa, mbegu na kupima mimba, ilikaribia thamani ya maziwa ya wiki mbili ya ng'ombe wetu wa kawaida. Kwa kuwa kila joto linalopotea bila kuonekana humchelewesha ng'ombe kwa wiki tatu, naiona bei hiyo ni ya haki kwa anayefuga malishoni na kukaa mbali na mhimilishaji. Haifai kwa aliye mjini, mwenye ng'ombe mmoja anayemwona kutwa. Huyo atumie sindano ya prostaglandini peke yake, baada ya ng'ombe kupimwa kwamba hana mimba na kwamba ule uvimbe wa manjano upo, kisha amtazame kuanzia siku ya 2 hadi ya 5. Daktari alikuwa tayari kutoa huduma hiyo nyepesi kwa bei ndogo alipoombwa, ila haikuwa kwenye orodha yake.

Kikundi kinachotaka Machi ijayo kiombe uchunguzi mapema Januari, kwa kuwa ng'ombe anayekataliwa kwa kukonda huhitaji wiki kadhaa za kula vizuri kabla ya kupimwa tena, na nyasi za Januari na Februari ndizo zitakazomrudishia mwili kwa gharama ndogo. Na kabla ya malipo ya awali kutolewa, makubaliano yaandikwe kwamba mhimilishaji atakuwa Nachingwea na mtungi uliojaa kuanzia siku ya 18 hadi ya 24, tarehe zenyewe zikitajwa.